Orodha Iliyohama

Fundi wa kompyuta alipoitwa ofisini kwa daktari mkuu alidhani ni ile printa tena. Alimkuta Mama Miwani, karani wa mapokezi, amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, mkoba kaupakata.

Jana yake asubuhi alikuja mwashi mmoja mwenye kidonda cha mguu. Alimweleza karani waziwazi kwamba mwili wake haupatani na penisilini. Lakini kwenye kompyuta, pale panapoandikwa dawa zinazomdhuru mgonjwa, palisomeka "Hakuna". Muuguzi alisoma, akaamini, akamdunga sindano. Haikupita robo saa mwashi akavimba uso na pumzi zikaanza kukata. Walimwokoa kwa tabu.

Mama Miwani alishikilia neno moja tu, kwamba alichagua penisilini kwa mkono wake mwenyewe. Daktari mkuu akamgeukia fundi, ambaye ndiye aliyeitengeneza ile programu, akamuuliza kama inaweza kujibadilishia maneno.

"Programu haibadilishi kitu, daktari," fundi alijibu papo hapo. "Inaandika alichochagua mtu."

Mama Miwani alimtazama mara moja, kisha akatazama sakafu. Siku hiyohiyo alisimamishwa kazi. Alikuwa ametumikia hospitali ile miaka kumi na tisa.

Fundi alirudi chumbani kwake, akafungua kumbukumbu za programu, zaidi ili ajiridhishe. Akaona: saa tatu na dakika kumi na mbili, penisilini. Sekunde mbili baadaye, salfa. Hapohapo, "Nyingine". Hapohapo, "Hakuna". Mtu hawezi kubofya mara tatu kwa kasi ile.

Akaijaribu programu mwenyewe. Alibofya kisanduku, orodha ya dawa ikafunguka, akachagua penisilini, orodha ikajifunga. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwa hiyo akazungusha gurudumu la kipanya ashuke. Ukurasa haukushuka. Kilichobadilika ni jina la dawa ndani ya kisanduku, moja baada ya jingine, mpaka neno la mwisho kwenye orodha. "Hakuna" alikuwa ameliweka mwisho yeye mwenyewe.

Ndipo alipokumbuka. Miezi mitano nyuma Mama Miwani alimwita mezani kwake akamwambia, "Mwanangu, hii orodha yako inahama. Nikishachagua, nikishuka chini, nakuta kitu kingine." Yeye aliitazama ile miwani nene iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, akamjibu kwa heshima zote kwamba aende taratibu tu. Kisha wakati wa chai aliwasimulia wenzake jinsi bibi yule anavyogombana na kompyuta, na watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Malalamiko yenyewe aliyaandika kwenye daftari la kazi: "Ndogo. Isubiri."

Kuirekebisha kulimchukua dakika kumi na moja. Alipomaliza akaangalia saa, na zile dakika ndizo zilizomuuma kuliko yote.

Hakumwambia mtu. Alijiambia atasema kesho, na kesho ikaja na yake. Nyumbani mkewe alimuuliza mbona chakula anakichokoa tu, akasingizia jino. Siku ya nne muuguzi mwingine, aliyepewa meza ya mapokezi kwa muda, alimsimamisha kwenye korido, akamshukuru.

"Siku hizi orodha imetulia," alisema. "Zamani kila aliyeshika zamu pale alikuwa anarudi juu kuhakikisha. Mbona hukuitengeneza mapema?"

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa daktari mkuu, akamwekea karatasi ya kumbukumbu mezani.

"Nilikwambia programu haibadilishi kitu. Ilikuwa inabadilisha. Na Mama aliniambia zamani, nikampuuza."

Daktari mkuu alisoma mistari ile polepole, akauliza, "Umelijua hili lini?"

"Siku ileile."

"Kosa la orodha ningeweza kulielewa," daktari mkuu alisema. "Hizi siku nne ndizo zitakazoingia kwenye faili lako."

Barua ya kumrudisha karani kazini iliandikwa kabla ya adhuhuri, na fundi akaomba aipeleke yeye. Alimkuta Mama Miwani uani kwake anaanua nguo. Akamweleza yote bila kujipunguzia, hata ule mzaha wa wakati wa chai. Mama aliendelea kukunja shuka hadi alipomaliza.

"Unajua siku zote hizi nilikuwa nafanya nini mle ndani?" alisema. "Nilikuwa naitazama mikono yangu. Nilifika mahali nikaamini kweli ni mimi niliyekaribia kumuua yule baba."

"Nisamehe, mama."

"Kazini nitarudi. Hilo lingine nipe muda." Akaipokea barua, akaiweka juu ya nguo bila kuifungua. "Umeshakwenda kwa huyo mwashi?"

"Bado."

"Sasa hapa kwangu unakaa unafanya nini?"

Mwashi alikuwa bado wodini kwa ajili ya ule mguu. Uvimbe ulikuwa umepungua, ila macho yalikuwa mekundu na sauti ilikwaruza. Alipoona mtu asiye na koti jeupe akamuuliza kama ni ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Fundi akasema hapana, akavuta kibao, akaketi, akaanza kueleza habari ya kisanduku, orodha na gurudumu. Mwashi alisikiliza kwa makini, kama mtu anayepigiwa hesabu ya ukuta. Katikati ya maelezo mke wa mwashi akaingia na chupa ya maji, naye mwashi akainua mkono.

"Ngoja," alisema. "Anza upya. Nataka na yeye asikie."

Fundi akaanza upya.