Benchi la Nje ya Mahakama

Benchi lile miguu yake ilikuwa imekaribiana mno katikati. Mmoja akiinuka ghafla, mwenzake anapinduka. Upande mmoja alikaa mama yangu, akimsubiri kaka yangu aliyewekwa mahabusu kwa wizi wa cherehani. Upande wa pili alikaa fundi wa kike aliyeibiwa, aliyeitwa kama shahidi.

"Ukiinuka useme, mama mwizi," fundi alimwambia.

"Na wewe ukikaa, kaa polepole. Una uzito wa cherehani mbili."

Wakacheka. Mama akamwonyesha picha ya kaka. Fundi akaiangalia kwa muda.

"Shoga, huyu siye. Aliyeniibia ni mtu mzima, ana kipara."

Walikwenda siku hiyohiyo kwa mpelelezi, naye akawajibu, "Mtayasema siku ya kesi."

Siku hiyo haikufika. Kila tukija, karani anatoka kutuambia upelelezi haujakamilika, turudi mwezi ujao. Tunaondoka na umati mzima, kila mtu na kesi yake iliyokwama polisi. Upelelezi gani, na jibu limekaa kwenye benchi linatafuna karanga?

Navikumbuka vicheko vyao, na jinsi fundi alivyomshonea mama pindo la gauni kwa mkono. Nayapenda yale mpaka leo, ndiyo maana hasira yangu haipoi.

Mashtaka yalipofutwa, kaka alitoka na mvi kidevuni. Mama aliinuka bila kusema. Fundi akapinduka. Hakulalamika, alimtazama kaka kutoka pale sakafuni, akasema taratibu, "Si nilisema huyu siye."