Mlio wa Ubao

Pale dirishani, ilipokuwa cherehani ya marehemu mama, zilibaki alama nne za miguu ya chuma, na katikati yake vumbi ambalo ufagio haukuwahi kulifikia. Binti alisimama hapo na begi lake la shule mgongoni, akatazama. Kisha uso wake ukachangamka.

"Baba! Hatimaye umeipeleka cherehani, ule ubao wake ukatengenezwe?"

Baba yake alikuwa seremala. Karakana nzima ilimwita Randa, kama chombo cha kulainishia mbao, kwa kipaji chake cha kulainisha mambo, maana hapakuwa na ugomvi ambao hakuupitishia maneno mawili matatu ukanyooka. Siku hiyo alilisema kavukavu.

"Nimeiuza, mwanangu."

Haikuwa njaa iliyomsukuma, wala tamaa. Lilikuwa somo. Kila Jumamosi, mashine za karakana zikishazimwa, mafundi waliketi juu ya marundo ya mbao wakamsikiliza kijana aliyetumwa na chama cha wafanyabiashara kuwafundisha jinsi utajiri unavyozaliwa. Hakuwa na makuu. Aliandika kwa chaki juu ya kipande cha plaiwudi, nao wakambatiza Bwana Soko.

"Ukishazaliwa huo utajiri, mwalimu, utuite tuupakate kidogo," fundi mmoja mpaka rangi alisema siku ya kwanza, wakaangua kicheko.

Lakini kijana alijua kazi yake. Alimpa mpaka rangi msumeno, akampa Randa brashi, akawaambia wakae navyo. Walitazamana, wakacheka, wakabadilishana bila kuambiwa na mtu. "Mmeona?" akasema Bwana Soko. "Hakuna kilichoongezeka humu ndani, lakini kila mmoja wenu ana mali kuliko alivyokuwa. Kitu kikihama kwa asiyekihitaji kikaenda kwa anayekihitaji, na wote wawili wameridhia, hapo utajiri umezaliwa. Sasa rudini nyumbani mkatazame ni mali gani imelala."

Randa alirudi akatazama. Cherehani ilikuwa imelala tangu mkewe azikwe, naye kila asubuhi alipita mbele yake akiwa amegeuza uso. Mtaa wa nyuma aliishi mjane aliyeshona sare za shule kwa mashine ya kuazima. Hawakuvutana bei. Mjane aliipokea huku machozi yakimlengalenga kwa furaha, na Randa alirudi akijiona mwepesi, akadhani wepesi ule ndio utajiri wenyewe.

Hayo yote alimweleza binti, taratibu, kwa sauti yake ya kulainisha. "Aliyeuza kafaidika, aliyenunua kafaidika. Wote wawili."

"Hao ni wawili, baba. Mimi je?"

"Wewe hushoni, mama."

"Nilikuwa nakanyaga."

Randa hakuelewa, na binti akalazimika kusema. Kila akitoka shule, kabla baba hajarudi, aliketi pale bila uzi wala kitambaa, akakanyaga tu. Ule ubao wa miguu alikuwa ameutengeneza Randa mwenyewe, miaka ile kikanyagio cha chuma kilipovunjika. Aliukata kwa kukisia kwa macho, jambo ambalo asingethubutu kumfanyia mteja, ukatoka mfupi. Basi kila ulipokanyagwa uligonga chuma: tok, tok, tok. Mkewe alimtania hadi mwisho. "Watu unawatengenezea makabati yasiyotoa hata mlio, mkeo unampa ngoma!" Naye Randa aliahidi kesho, na kesho, mpaka mwenye kuahidiwa akaondoka.

"Nikikanyaga nikafumba macho," binti alisema, "anakuwepo."

Hakulia. Alivua begi, akaenda kuosha vyombo. Aliyelia ni Randa, kilio ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka kwa kuwa alikuwa na watu wa kuwatuliza. Aliketi kwenye zile alama nne, amejiziba mdomo kwa kiganja kinachonuka vanishi.

Jumamosi iliyofuata alinyoosha mkono. "Mwalimu, na kama wenye kitu ni wawili, halafu akauza mmoja?"

Bwana Soko aliweka chaki chini. Hakuwa mtu wa kubabaisha. "Basi huyo kauza kisichokuwa chake chote, fundi. Wote wenye kitu lazima waridhie, la sivyo hiyo si biashara niliyowafundisha." Akamtazama. "Umeuza nini?"

"Nauliza tu."

Mpaka rangi, aliyekuwa na mzaha tayari mdomoni, aliumeza.

Jioni ile Randa alichukua begi lake la zana, ambalo hakuwahi kutoka bila kulibeba, akamwita binti, wakaenda kwa mjane. Alikusudia kumrudishia fedha zake na kumsihi. Hawajafika mlangoni wakausikia: tok, tok, tok. Binti alimshika baba mkono. Hakuwa amemshika tangu makaburini.

"Karibuni! Karibu, fundi!" Mjane aliinuka katikati ya sare zilizojaa hadi kitandani. "Mungu kakuleta, nilikuwa nakuja kukutafuta. Hii mashine imenitoa mbali, kaka yangu. Wanangu sasa wanakula wakashiba."

Watoto wake walikuwa mkekani, wanatabasamu kwa wageni. Randa alizisukuma ndani zaidi ya mfuko fedha alizokuja kurudisha. Angeanzia wapi?

"Ila ina kasoro moja tu," mjane akaendelea. "Huu ubao unagonga, watoto hawapati usingizi. Nitolee huo mlio, nitakulipa jasho lako."

Ilikuwa kazi ndogo mno. Kibanzi kimoja cha mbao na misumari miwili, basi. Randa alipiga magoti, akatoa nyundo. Binti alibaki amesimama mlangoni, macho yote kwenye mikono ya baba yake. Seremala alipapasa chini ya ubao, akagusa mahali penyewe, akauondoa mkono.

"Hebu shona kidogo, dada, nisikie unatokea wapi."

Mjane akaketi, akakanyaga. Tok, tok, tok. Pale mlangoni binti akafumba macho.

"Umeusikia, fundi?"

"Bado," Randa alijibu, kichwa amekiinamisha. "Shona tena."