Reath Bado Yumo

Mimi si mtu wa kuamini mizimu. Nimelelewa Mukono, Uganda, na shangazi mlokole, na kazi yangu ni tovuti, ambako kila kitu kina sababu yake. Lakini Januari ile ya 2014, ofisini kwetu Hai Malakal, mtaa wa Juba, kulikuwa na mtu ambaye hakuwepo, na kila asubuhi nilimkuta ameshafika.

Tovuti yetu tuliifungua mwezi wa uhuru wa Sudan Kusini, mimi na Reath, kwa ajili ya watu waliorudi nchini kutafuta ndugu zao. Vita vipya vilipoanza Desemba, ikawa ya kutafuta waliopotea juzi na jana. Majina yalionekana kwa wanachama tu, kwa usalama, na mwanachama aliyekuwa ndani alikuwa na nukta ya kijani kando ya jina lake. Jumatatu ya kwanza ya risasi, Reath alitoka nyumbani New Site kwenda kumtafuta mama yake mtaani Lemon Gaba. Hakufika. Laini yake ilikufa siku ile ile, lakini nukta haikuzimika, maana yake ukurasa ulikuwa bado wazi kwenye simu yake, pengine kwa laini nyingine. Tulimwandikia, hakujibu.

Mkewe, Nyabol, aliyekulia Eldoret, alikuja kila siku kuitazama nukta ile. Alivuta kiti nyuma yangu akaketi.

"Ako ndani," alisema. "Kuna mahali anachaji simu."

Kisha Cyril, mkubwa wetu ofisini, akaleta kazi. Bor, Malakal na Bentiu, kila mji ulitaka tovuti yake, zote chini ya paa moja, na yetu isizimwe hata dakika moja, maana wakati wowote kulikuwa na mama anayesoma majina. Haraka haraka haina baraka. Nilitengeneza nakala ya majaribio, nikaiharibu mara mbili, nikaitengeneza tena. Kila kitu kilikubali ila kimoja: siku ya kuhamia mfumo mpya, kila aliyemo angetolewa, aingie upya kwa neno lake la siri.

Nilimwambia Nyabol mwenyewe. Heri ningenyamaza.

"Mama Kisakye," aliniambia, "usimtoe. Nakuomba."

"Dada, mimi hapana toa yeye peke yake. Watu yote itatoka, halafu itarudi," nilimjibu kwa Kiswahili changu cha Mukono.

"Na asiporudi?"

Nikakasirika, kama kawaida yangu nikiogopa. Nikamwambia hii ni tovuti, si kaburi. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Jumamosi saa nne asubuhi nilihamisha. Tovuti haikutikisika. Nukta zote zilizimika pamoja, kisha zikaanza kuwaka moja moja: Akuol, Fortunato, Wol. Nyabol aliyasoma majina kwa midomo tu, bila sauti. Ya Reath haikuwaka. Saa sita nikaona mtu anajaribu kuingia kwa jina lake. Akakosea. Akakosea tena. Mara ya tatu mfumo ukamfungia, na baada ya dakika chache ujumbe ukatufikia:

"Mimi ni Reath. Nimesahau neno la siri. Naomba kuona majina."

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia Nyabol, nikasema asante Yesu, nikaanza kutengeneza neno jipya. Yeye hakusogea.

"Neno lake ni babu zake," alisema. "Saba, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule wa kwanza. Kwetu mtoto anawajua hao kabla ya kujua kuhesabu." "Reath anaweza kunisahau mimi. Hao hawezi."

Niliondoa mikono kwenye kibodi. Aliivuta kwake, akaandika polepole kwa kidole kimoja:

"Mwenye simu ulimwacha wapi?"

Tulingoja. Mtu yule naye alikuwa na ndugu yake wa kutafuta katika orodha ile, vinginevyo asingehangaika hivyo kurudi. Nililijua hilo, na nilimchukia vilevile.

Jibu lilikuja kabla ya saa saba, neno moja.

"Pole."

Nyabol alifungua kitenge chake begani, akakitandika sakafuni, akakaa. Nilienda kufunga mlango, kisha nikakaa kando yake.