Gitaa Barierini

Watu wa Wamaza walikuwa wamekubaliana: kipaza sauti cha kanisa kikipiga yowe, adui ameingia. Wanawake na watoto wakimbilie porini, wanaume wachukue mapanga wafunge barieri, kizuizi cha barabarani. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya ngoma, lakini mpiga ngoma aliuawa akiipiga, na hakuna aliyetaka kushika nafasi yake.

Dady alilijua hilo vizuri. Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, miaka kumi na minane, kichwa kigumu. Muziki wa rock aliuokota kwenye simu ya dereva wa pikipiki wa Kasongo, na tangu siku hiyo nyimbo za kwaya zilikuwa kwake uji usio na sukari. Aligundua kwamba ukisogeza gitaa la umeme mbele ya kipaza sauti, linalia lenyewe, kilio kirefu cha kutikisa meno. Kila akijizoeza, alikijaza kipaza sauti matambara. Mchana ule akayatoa. Mara moja tu, alijiambia. Jamani, ujana!

Gitaa likalia. Dady akafumba macho, raha ikamjaa mpaka akataka kulia naye. Alipoyafumbua, kijiji kilikuwa kimevurugika. Watu walikanyagana njiani, na mama yake, Victorine, alikuwa akipotea kwenye migomba bila viatu.

Barierini, mwanamume mmoja wa pikipiki alikuwa akitokea Kabambare. Aliposikia yowe alifanya jambo ambalo yeyote mwenye akili angefanya: akageuza pikipiki. Vijana wakasema mgeni anayekimbia ni mpelelezi, wakamwangusha. Dady alipofika mbio, panga lilikuwa limeshampasua bega. Dominique, mjomba wake Dady na mkuu wa barieri, alikuwa amemkanyaga shingo.

“Mujomba, acha! Hakuna adui! Ni mie, ni gita yangu ilikuwa inalia!”

“Unamutetea? Unamujua huyu mutu?”

“Simujui hata kidogo!”

Kijana mmoja akamtwanga Dady ngumi ya mdomo, Dady akatema jino. Mwingine akainua panga juu ya yule mgeni. Dominique akamzuia kwa mkono.

“Enda upige tena, tusikie. Kama ni uongo, munakufa wote wawili.”

Ndani ya kanisa, mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na shamba la mihogo lilianzia pale pale. Dady aliutazama mlango ule kwa tamaa. Alijua akipiga, mjomba wake ataaibika mbele ya vijana wake, na aibu ya Dominique haijawahi kumwacha mtu salama. Akalishika gitaa. Halikulia. Barabarani yule mgeni alikuwa akipiga kelele, akiita watoto wake kwa majina. Dady akafungulia sauti mpaka mwisho, akapiga magoti, akaligandamiza gitaa kwenye mdomo wa kipaza sauti. Yowe likatoka, baya na refu kuliko la kwanza. Aliliachilia mpaka kelele za barabarani zikanyamaza.

Dominique aliingia peke yake. Hakumtazama usoni.

“Weka mukono hapa. Ule wa kushoto.”

Dady akaulaza kwenye benchi. Mgongo wa panga ukashuka, mifupa ikavunjika kwa sauti ya kuni kavu, ukashuka tena. Dady alipiga ukelele mmoja, kisha akajikojolea. Alimchukia mjomba wake kwa moyo wote, na bado hakuuondoa mkono.

Victorine alirudi kutoka porini, miguu imechanika miiba, akamkuta kwenye ngazi za kanisa na mkono uliovimba. Kando yake alilala mgeni, amefungwa bega kwa shati la Dady.

“Banaume ba wapi walituvamia, mutoto wangu?”

“Hakuna mutu alikuja, mama.”

“Na huyu ni nani?”

“Sijui jina yake,” Dady akasema. “Lakini iko anapumua.”