Betri Zinazopumzika

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Wanaonijua wanajua: nikisema chakula si kibaya, mpishi ashukuru. Lakini leo nitamsifu mama mkwe wangu, na anayetaka kununa anune.

Mama mkwe alifanya usafi hospitalini miaka thelathini. Huko takataka hazitupwi hivi hivi: sindano zina ndoo yake, bandeji zina mfuko wake, karatasi zina kapu lake. Alipostaafu akahamia kwetu, ghorofa ya pili, na tabia hiyo akaja nayo. Siku ya kwanza tu alifunua pipa la taka la jikoni kwangu, akainama kama daktari anayeangalia koo, akatoa betri mbili za rimoti.

"Hizi zimeingiaje humu?"

"Kwa mkono wangu, Mama," nikamjibu. Mdomo wangu hauna breki. Hakucheka.

Nyuma ya jengo letu kuna shimo la taka, na kila Jumamosi mlinzi hulitia moto. Miezi mitatu baada ya mama mkwe kuhamia, betri ikalipuka ndani ya moto ule. Kipande kiliruka kikamchana mmoja wa mapacha wangu juu ya jicho. Kingeshuka nusu kidole tu, leo mtoto angekuwa na jicho moja. Tulilia, tukamlaumu mlinzi, wiki ikapita tukarudi kwenye mambo yetu. Na tafadhali msiniulize ile betri ilitoka jikoni kwa nani.

Mama mkwe hakurudi kwenye mambo yake. Alikwenda kwa miguu yake mpaka kwenye ofisi ya kiwanda kinachosaga betri kuukuu na kuchambua madini yake yatumike tena, akarudi na pipa la bluu la plastiki, lenye kimo cha kiuno changu. Masharti yao yalikuwa mawili. Gari lao hupita mtaani mara moja kwa mwaka, na huchukua pipa lililojaa tu. Mwenye nyumba akampa stoo ya chini ya ngazi aliweke humo.

Mwaka wa kwanza gari lilipita pipa halijafika hata nusu. Hakuvunjika moyo. Kila betri aliyoipata aliifuta kwa kitambaa kikavu, akaziba ncha zake kwa selotepu. "Hata iliyochoka ina moto ndani," aliniambia. "Ncha zikigusana zinaweza kuwaka." Zilizovuja alizishika kwa glavu na kuzifunga peke yake kwenye mfuko. Mimi nilikuwa nikipita na ndoo yangu ya nguo namtania: haba na haba hujaza kibaba, Mama, lakini hilo ni pipa. Watoto wa jengo wakamwita Bibi Betri. Akaitika.

Mwaka wa pili, Jumatatu ya wiki ile ya gari, mwenye nyumba akaja na habari zake. Amepata mpangaji wa stoo, fundi cherehani, anaingia Alhamisi mchana. Kitakachokutwa humo kitakwenda shimoni. Uani hakulitaka pipa, na kwa uzito wake halingepanda ngazi mpaka kwetu.

Gari lilikuwa linakuja Alhamisi hiyohiyo asubuhi. Pipa lilikuwa limebakiza shubiri moja na nusu kujaa. Yaani miaka miwili ya huyu mama, betri mojamoja, ingemwagwa kwenye shimo lilelile lililomchana mjukuu wake, na Jumamosi mlinzi angekuja na kiberiti. Nilimwona ameketi ngazini, mikono mitupu, hana anachofanya. Hilo sikuwahi kuliona, na lilinichoma.

Nikabeba ndoo, nikapiga hodi milango yote ishirini na minne kuuliza kama wana betri zilizokufa. Sikupata hata moja.

"Zilizokufa? Hapana, kwetu hakuna," alisema jirani yangu, mke wa dereva wa daladala. "Ikichoka kwenye redio naihamishia kwenye saa ya ukutani. Saa haina haraka."

Mwalimu wa ghorofa ya tatu naye alinijibu hana, na nyuma yake dirishani zimepangwa sita zinaota jua. Fundi redio wa chini ndiye aliyenimaliza. "Mama Pacha," akasema, bila hata kuinua macho, "betri haifi. Inachoka. Ukiianika saa mbili inaimba tena."

Nilirudi nimefura, nikaitupa ndoo chini. "Sikio la kufa halisikii dawa. Wana betri mpaka kwenye makabati ya vyombo, wananiambia hawana."

"Uliwaulizaje?" akasema mama mkwe.

"Niliuliza kama wana betri zilizokufa. Ningeulizaje?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, hospitalini hata daktari haanzi na neno hilo. Nani atakukabidhi mgonjwa wake ili ukamwandikie kifo?"

Jumanne akabeba ndoo mwenyewe. Nilimfuata, na nakiri nilimfuata kwa ubaya: nilitaka naye afungiwe milango ajue nilivyofungiwa. Tukaanza kwa yule fundi redio.

"Hodi mwanangu. Habari za kazi? Nimekuja kuulizia betri zako zinazopumzika."

Fundi aliinua macho. Akainama chini ya meza, akatoa boksi la viatu limejaa mpaka mfuniko haufungi. "Hizi zinapumzika tangu mwaka juzi," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia wazee wake.

Mama mkwe akachukua moja kwa mikono miwili. "Hii ilikufanyia kazi gani?"

"Ya tochi. Umeme ulikatika mke wangu akiwa na uchungu. Mkunga alimulikiwa na hiyo."

"Basi imefanya kazi. Iache istaafu, nami nilistaafu."

Fundi akasukuma boksi zima. Mimi nikabaki mdomo wazi, jambo ambalo mume wangu analitafuta tangu tuoane.

Na ikawa hivyo mlango kwa mlango. Hakumkaripia mtu wala hakumhubiria mtu. Alisikiliza betri ya redio iliyotangaza matokeo ya mtihani, betri ya mwanasesere aliyekuwa akilia, halafu akaeleza kwa maneno mawili kilichomo ndani yake na kinachotokea kikichomwa au kikioza kwenye udongo. Mwalimu alitushushia zile sita za dirishani, kisha akaona aibu, akaleta na saa ya ukutani ambayo betri yake ilikuwa imevuja ikaota unga mweupe. Alikuwa ameificha nyuma ya vitabu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama mkwe akamtania, huku anavaa glavu. "Usiuguse huo unga, Mwalimu. Niachie mimi."

Jumatano watu walianza kuleta wenyewe. Kufika Alhamisi asubuhi, mama mkwe akiwa bafuni anaoga, majirani watatu wakaamua kumsaidia: wakamimina maboksi yao moja kwa moja ndani ya pipa, likajaa pomoni. Walifurahi sana. Hakuna aliyekumbuka selotepu.

Gari likaja. Dereva wake alikuwa mwanamke mfupi mwenye ovaroli, asiye na maneno mengi. Alifunua pipa, akachota juu, akazigeuza kiganjani. Zilikuwa uchi: za mraba, za duara, zile ndogo bapa kama sarafu.

"Siwezi kubeba hizi, mama," akasema. "Zikigusana njiani zinaniunguzia gari."

Mama mkwe hakubisha. Angebishaje, na sheria ni ileile aliyotufundisha yeye? Aliuliza tu, "Unarudi na njia hii?"

"Nina vituo viwili. Baada ya saa moja napita hapa."

Tukatandika mkeka kivulini, tukapunguza pipa mpaka tukazikuta zenye selotepu. Mama mkwe aliwafukuza watoto mbali, hasa wale wanaopenda kutia vitu mdomoni. Sisi wengine tulikaa chini: fundi redio, mwalimu, mke wa dereva wa daladala, mlinzi, mume wangu ambaye hajui hata kufunga kamba za viatu. Selotepu ikaisha. Fundi akaleta utepe wake mweusi wa nyaya za umeme, mwalimu akaleta plasta za vidonda. Katikati ya shughuli mwenye nyumba akatokea na kufuli lake mkononi, saa yake ikimwambia muda umefika. Mama mkwe akamnyooshea utepe. "Baba, hebu nishikie ncha hii." Akaishika. Baada ya dakika kumi alikuwa amechuchumaa anaziba betri na kumlaumu fundi kwamba anaziba vibaya.

Tulikuwa tunarudisha za mwisho gari liliposimama. Dereva akakagua juu, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akakagua za chini. Akatikisa kichwa taratibu. "Nimezunguka mitaa mingi," akasema. "Pipa la betri zilizozibwa hivi sijaliona." Wanaume wanne wakalipandisha.

Akatoa kalamu aandike kwenye karatasi ya kubandika. "Aliyekusanya ni nani?"

Tulimtafuta kwa macho. Alikuwa ameingia ndani kunawa mikono, kama alivyozoea miaka thelathini, kana kwamba pipa lile si lake.

"Wewe ni nani wake?" dereva akaniuliza.

Nilitaka kusema mkwe, mdomo ukateleza ukasema, "Ni mama yangu."

"Mama yako?" mume wangu akadakia. "Na mimi je?"

"Wewe tafuta wako."

Watu wakacheka. Nilipogeuka nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni, ametusikia, mikono inachuruzika maji. Alikuja mpaka niliposimama, akakamata upindo wa nguo yangu, akajikaushia mikono bila kuomba ruhusa.