Upande wa Chini wa Uyoga

Jumapili za Septemba, pale ziwani Sognsvann, watu hutoka msituni na makapu yao wakayamwaga mezani kwa wakaguzi wa uyoga. Kila uyoga hugeuzwa, ukatazamwa chini ya kofia. Ukipatikana mmoja tu wa kuua, kapu zima linatupwa, hata ulie machozi.

Mwaka huu manispaa ilileta kamera ya majaribio, inayowaka kijani uyoga ukiwa salama. Ikifaulu, wakaguzi wafunge virago, na chuo kikuu kilishasema kitafuta somo la uyoga. Ingunn, mmoja wa wakaguzi, alikuwa mwaka wa mwisho wa biolojia, na hakuna kitu kingine alichokijua kwa undani kama uyoga.

"Shahada yako utafungia samaki," mwalimu wake, Steinar, alimtania huku akimimina kahawa.

"Na mteja wa kwanza ni wewe, mwalimu. Nitakufungia kichwa cha samaki tu."

Walicheka, Ingunn akiitupia kamera jicho.

Mzee Halvor akafika na kapu lililofurika uyoga wa faneli, ule wa kahawia unaopikwa na krimu. Kamera ikalimulika kutoka juu: kijani. Foleni ilikuwa ndefu, mtu nyuma akikohoa kwa kuudhika. Ingunn hakulimwaga. Aligeuza mmoja wa juujuu, akauona safi.

"Haya mzee, chakula chema."

Halvor akaenda zake. Mezani ulibaki uyoga mmoja uliomdondoka. Ingunn akausogeza chini ya kamera: kijani. Akaugeuza. Badala ya mikunjo hafifu aliyoizoea, akaona kuta nyembamba zilizopangana kama kurasa, rangi ya kutu.

Ulikuwa ule wa kuua. Huu hauna haraka. Unakuacha ule, ulale, uende kazini, hata wiki ikapita. Kumbe figo zinaoza kimyakimya.

"Mwalimu!"

Steinar alitazama, utani wote ukamtoka usoni. "Kimbia!"

Ingunn alimkuta mzee kituoni, treni inaingia. Akampokonya kapu, akalimwaga chini, akaanza kukanyaga.

"We binti, umepagawa? Mashine imesema kijani!"

"Mashine inaona juu tu, babu! Umeshaula?"

"Nitaulaje, nao ndio kwanza natoka kuuchuma?"

Pumzi ikamrudi Ingunn. Karibu amkumbatie.

"Tulikula ule wa Alhamisi," Halvor akaendelea kunung'unika, akiokota kapu lake. "Mimi, mke wangu na wajukuu. Ulitoka palepale, penye gogo lilelile. Hamkuwepo, mashine ilikuwa peke yake, na ikasema kijani vilevile."

"Mliugeuza?"

"Tuugeuze wa nini? Haikutuambia tuugeuze."

Ingunn akatoa simu haraka kupiga hospitali. Mzee alimtazama, hasira zikamwisha, akaanza kucheka.

"Sasa unahangaika nini, mjukuu wangu? Si unaniona? Sote wazima wa afya."