Harusi Isiyo na Picha

Pasi ya Sindano ilikuwa juu ya suruali ya mteja wakati wifi yake alipoingia barazani akichekacheka, na suruali hiyo ndiyo iliyolipia kicheko.

"Wifi, leo mama atafurahi! Ile video ya harusi nimempa fundi simu aitoe sauti peke yake, aitie kwenye kadi ya redio yake ndogo. Video yenyewe nzito, kadi haiimezi. Na mama picha za nini, macho yenyewe yalishaaga zamani?"

Sindano, ndivyo wakwe walivyomwita kwa kazi yake ya kushona na kwa ulimi wake, alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Harufu ya kitambaa kuungua ndiyo iliyomzindua.

"Harusi ipi, wifi?"

"Ya mdogo wetu! Uliyorekodi wewe. Kwani ziko ngapi?"

Aliyorekodi yeye. Siku hiyo alikuwa ameishika simu, shoga yake kasimama ubavuni, na bibi harusi alipokuwa akiingia, shoga akamuuliza ataacha lini kushonea barazani kwenye vumbi na mvua. Naye akajibu, mdomo umeielekea simu: "Subiri huyu mama mkwe afe. Chumba chake natia cherehani. Tena kina dirisha!"

Ukoo mzima ulishaitazama video ile hadi ukachoka, na hakuna aliyesikia kitu. Macho yakipata gauni jeupe, masikio hulala. Lakini sauti tupu, kupewa mtu asiyeona, anayemtambua paka kwa hatua zake? Na mumewe alishamwambia tangu wiki ya kwanza ya ndoa, bila kutabasamu: "Mengine tutasameheana. Ila mama yangu, hapana. Ukimvunjia heshima, fungasha."

Akamwachia wifi pasi, akatoka. Hakukimbia, maana mke wa watu hakimbii barabarani. Alitembea tu kwa namna ambayo kuku walimpisha.

Fundi simu alikuwa akipuliza vumbi ndani ya simu ya mtu.

"Kaka yangu, ile sauti ya harusi usiitoe kwanza. Kuna mahali pa kukata."

"Imeshatoka, dada. Video ni gunia la mpunga. Picha ni makapi, yanajaza gunia tu. Nimepepeta, umebaki mchele kidogo, unaingia popote." Akamtupia jicho la pembeni. "Sauti ilikuwa chini, nikaipandisha. Wewe unasikika kuliko hata mshereheshaji."

"Kadi iko wapi?"

"Mumeo kapita kuichukua sasa hivi. Hamkukutana?"

Alirudi nyumbani akipanga nguo zake kichwani: zipi za kutia kwenye begi, zipi za kuacha. Baiskeli ya mume ilikuwa imepinduliwa uani, chini ya dirisha la mama, na mwenyewe anajaza upepo. Uso wake ulikuwa mtulivu. Bado, basi. Akaingia chumbani kwa mama; redio ilikuwa inapiga vigelegele.

"Mama, nizime kidogo? Betri itakufa."

"Ikifa nitaizika. Kaa, mkwe wangu. Nieleze nani huyo anayepaza sauti."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya mapaja. Mshereheshaji akaita bibi harusi. Shoga akauliza swali lake. Sindano akaomba pampu ya baiskeli ipige kelele zaidi, pampu ikanyamaza.

Kisha ikaja sauti yake mwenyewe, nyeupe kama mchele uliopepetwa. Huyu mama mkwe afe. Cherehani. Tena kina dirisha.

Mama mkwe hakutikisika. Alisafisha koo.

"Rudisha nyuma kidogo. Vidole vyangu havikioni hicho kitufe."

Ilibidi Sindano akibonyeze mwenyewe. Maneno yakaja tena, na safari hii yalikuwa marefu zaidi.

"Mwanangu!" mama akaita dirishani. "Njoo hapa!"

Sindano alifumba macho. Alisikia viatu uani, kisha ukumbini, kisha mlangoni.

"Labeka, mama. Nilikuwa langoni naijaribu baiskeli."

"Lile cherehani la mkeo lilete humu. Liweke hapa, penye dirisha."

"Humu? Litakupigia kelele, mama."

"Kelele ndiyo ninayoitaka. Nimechoka kukaa na ukuta. Nenda, lete."

Viatu viliondoka. Mama mkwe akanyoosha mkono hewani hadi akaupata mkono wa mkwe wake, akaubana kwa nguvu ambayo mtu wa kufa hana.

"Ungeniomba tu, mjinga wewe. Mimi kufa nimeahirisha. Sasa utashonea hapa, na ukitaka kunisema, unaniona nilipo. Tusimsumbue fundi."

Sindano alitaka kusema asante, ikamtoka "samahani", tena kwa kwikwi. Ukumbini, cherehani lilikuwa likiburutwa, likija.